Kwa nini mapadre wako wanageuka wazushi na mrithi wako anachomwa moto: jibu kwa msomaji wa Kirumba

Msomaji mmoja wa Kirumba, Mwanza, ameniandikia kuhusu Medieval II: Total War, mchezo wa kuongoza nchi ya zama za kati zamu kwa zamu, anaoucheza jioni kwenye kompyuta ya kaka yake baada ya kufunga duka. Anaongoza Ufaransa. Ameiteka Antioch kwa Vita vya Msalaba, akapeleka huko mapadre wanne wapya ili wabadili imani ya wenyeji, na kabla hajajenga hata kanisa dogo wawili kati yao wakageuka wazushi, yaani wahubiri wa mafundisho yanayopingana na Kanisa, walipojaribu kuwakabili wazushi wa pale. Huku nyumbani, mrithi wake wa kiti, aliyekuwa gavana wa Marseille, alishitakiwa na inkwizita wa Papa, yaani hakimu wa kuchunguza uzushi, akachomwa moto. Anataja pia, kwa kupitia tu, kwamba anapigana na Milan na kwamba Papa alishamwamuru aache. Rafiki yake wa Igoma, anayecheza na Misri, hana hata moja ya mikosi hiyo. Anauliza: je, mchezo unawapendelea Waislamu, au kuna jambo kuhusu sifa za wahusika ambalo yeye halioni?

Ndugu yangu, mchezo huu hauna dini unayoipendelea. Yaliyokupata yanatokana na jambo ambalo wachezaji wengi hulitambua wakiwa wamekwisha kuharibu kampeni mbili tatu: padre ni mhusika kamili, mwenye umri, historia na tabia zinazojengeka zamu baada ya zamu, sawasawa na jenerali au mwana wa mfalme. Wewe umewachukulia kama mikungu ya ndizi inayoshushwa bandarini kutoka Bukoba, ambayo mmoja ukioza unachukua mwingine. Mrithi wako naye umemtazama kwa ujuzi wake wa vita peke yake, ukaacha namba nyingine iliyoandikwa kwenye karatasi hiyohiyo, ambayo ndiyo ingeweza kumwokoa.

Tuanze na jinsi sifa zinavyozaliwa, kwa sababu usipoelewa hapo mengine yote yataonekana kama bahati nasibu. Ukifungua habari za mhusika yeyote unaona picha yake, namba za uwezo wake na orodha ya sifa alizonazo. Orodha hiyo ni matokeo tu. Nyuma yake kuna pointi ambazo huonyeshwi. Waundaji wa mchezo, kampuni ya Creative Assembly, waliandika katika faili moja refu la maandishi matukio yanayoweza kumjenga au kumbomoa mtu: zamu kumalizika akiwa mjini, pigano kushindwa au kushinda, mateka kuachiwa, jengo kukamilika chini ya ugavana wake, na kadhalika. Kila tukio lina masharti yake, na masharti yakitimia kinachofuata ni kama kurusha kete, maana kuna asilimia fulani tu ya uwezekano kwamba mhusika ataongezewa pointi ya sifa inayohusika. Pointi zikifika kizingiti cha kwanza, sifa hujitokeza na ujumbe hukufikia. Zikifika cha pili, sifa hubadilika jina na athari yake huongezeka. Ndiyo maana unaweza kuona jenerali anafanya jambo lilelile zamu kadhaa bila mabadiliko yoyote, kisha ghafla anakuwa mtu mwingine. Hajabadilika ghafla, alikuwa anakusanya.

Jambo la pili kuhusu pointi hizo ni kwamba sifa nyingi zina sifa pinzani. Tuseme jenerali wako ana pointi 3 za ukatili wa vitani, kisha akawaachia mateka huru na kete ikamwangukia vizuri. Pointi hiyo ya huruma haiendi moja kwa moja kwenye uungwana wake. Kwanza inafuta pointi moja ya ukatili. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kuelekea upande mmoja ni ghali kumgeuza, na mchezaji mwenye akili huamua mapema, mhusika angali kijana wa miaka 16 aliyeingia tu katika ukoo, ni mtu wa aina gani anamtaka. Uungwana na utisho viko kwenye mizani moja: kuachia mateka, kuukalia mji bila kuupora na kutoza kodi ndogo huvuta upande wa uungwana, ilhali kuwaua mateka, kuangamiza wakazi na kuwakamua watu kodi huvuta upande wa utisho. Zote mbili zina faida vitani. Asiyepata faida ni yule anayechanganya, leo anasamehe na kesho anachinja, akabaki katikati bila hadhi yoyote.

Sasa turudi kwa mapadre wako. Namba kuu ya padre ni uchaji, na inaweza kufika 10. Padre aliyetoka kanisani jana huanza chini kabisa, isipokuwa kama mji uliomtoa una majengo makubwa ya ibada au chama cha wanateolojia, ambacho humpa nyongeza tangu siku ya kwanza. Kutoka hapo hukua kwa kazi: kuhubiri mahali ambapo bado kuna watu wasio wa imani yake, na kushinda mashauri dhidi ya wazushi na wachawi. Ukimpeleka amkabili mzushi, mchezo hukuonyesha kabla hujathibitisha asilimia ya uwezekano wa kufaulu, na asilimia hiyo inapimwa kwa uchaji wake dhidi ya nguvu za yule anayemshitaki. Akishinda, mzushi anauawa na uchaji wake unaelekea kupanda. Akishindwa, anaweza kubaki kama alivyo, anaweza kupungukiwa uchaji, au anaweza yeye mwenyewe kushawishika na kuhamia upande wa pili.

Hilo la mwisho ndilo lililokukuta mara mbili. Antioch ni eneo lenye mchanganyiko wa Waislamu, Waorthodoksi na Wakatoliki wachache, na mchanganyiko wa namna hiyo ndio udongo ambamo wazushi huota. Ulipowashusha vijana wanne wenye uchaji wa 1 au 2 na kuwaamuru wawakabili wazushi waliokwisha kukomaa, ulikuwa unacheza kamari ambayo mwenye nyumba ya kamari ndiye hushinda. Hasara yake si padre mmoja tu. Idadi ya mapadre unaoruhusiwa kuwa nao inategemea majengo ya ibada uliyonayo, kwa hiyo kila nafasi ina thamani. Na yule aliyeasi haondoki kwenye ramani, anabaki palepale akihubiri uzushi, akiongeza asilimia ya wazushi katika mkoa na kumsubiri kijana mwingine utakayemtuma.

Ningekuwa mahali pako ningefanya hivi. Antioch ningeanza na jengo, kwa sababu kanisa lenyewe, hata lile dogo, huvuta watu kila zamu bila kuchoka na bila kushawishiwa na mtu. Ningeacha jeshi la kutosha mjini kushikilia utulivu, kwani tofauti ya imani kati ya mtawala na watu huzaa ghasia, na ghasia hizo hazisubiri mahubiri yako yazae matunda. Vijana wale wawili waliobaki ningewakataza kabisa kumgusa mzushi yeyote. Wahubiri tu, wakue. Kwa wazushi ningemtoa Ulaya padre mmoja mzoefu, mwenye uchaji wa 5 au 6, ambaye amekwisha kujaribiwa kwa wazushi wadogo wa karibu na nyumbani, na yeye ndiye aende akawashitaki mmoja mmoja akianza na aliye dhaifu. Mimi simtumi padre kwenye shauri ambalo uwezekano wake uko chini ya nusu, hata kama mzushi amenikera kiasi gani, na kwa padre niliyemlea muda mrefu nataka uwezekano mkubwa zaidi ya huo.

Utauliza kama subira hiyo inalipa katika mchezo wenye mwisho. Inalipa sana, kwa sababu ya ajabu moja ya kalenda yake. Kampeni huanza mwaka 1080 na kuishia 1530, zamu 225, kila zamu ikiwa miaka 2; lakini wahusika hawazeeki kwa kalenda hiyo. Mtu huongezeka nusu mwaka tu kwa kila zamu. Padre uliyempata akiwa na miaka 25 na akafa akiwa na 65 atakuwa amekutumikia zamu 80, ambazo kwenye kalenda ya mchezo ni miaka 160. Kwa historia huo ni upuuzi mtupu, lakini kwa mchezaji maana yake ni kwamba padre mmoja aliyelelewa vizuri anakaa nawe zaidi ya theluthi ya kampeni nzima. Zamu 10 za kumkuza karibu na nyumbani ni gharama ndogo.

Na faida yake haiishii kwenye mahubiri, maana hapo ndipo linapoingia suala la mrithi wako. Kwa nchi za Kikatoliki, mapadre wenye uchaji mkubwa kuliko wengine hupandishwa kuwa makadinali nafasi inapotokea katika baraza lao. Papa akifa, wagombea watatu hutoka miongoni mwa makadinali hao na nchi zenye makadinali hupiga kura. Ukimpigia kura anayeshinda, uhusiano wako na kiti kipya unaanza vizuri. Na kama aliyeshinda ni padre wako mwenyewe, uliyemlea tangu akiwa na uchaji wa 1, umepata kipindi kizuri cha amani na Roma. Wewe umekuwa ukiwatumia mapadre wako wangali wachanga, kwa hiyo sidhani kama una kadinali hata mmoja.

Hapa niseme neno kuhusu historia, kwa sababu sisi wa kando ya ziwa hili hatuhitaji mchezo ili kujua kadinali ni nani. Laurean Rugambwa, aliyekuwa askofu ng'ambo ya pili ya ziwa, alifanywa kadinali na Papa Yohane wa 23 mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa cheo hicho, na alishiriki uchaguzi wa Papa mwaka 1963 na ule wa mara mbili wa mwaka 1978. Kadinali huteuliwa na Papa. Hakuna mizani inayompandisha mtu yenyewe kwa sababu amefikia kiwango fulani cha uchaji. Waundaji wa mchezo walirahisisha, na nadhani walirahisisha vizuri, kwani wazo la makadinali kumchagua Papa ni la kweli kwa zama zinazochezwa: lilianza kuwekewa kanuni mwaka 1059 chini ya Papa Nikolasi wa 2, miaka 21 tu kabla ya zamu ya kwanza ya kampeni yako, na sharti la theluthi mbili ya kura likaja mwaka 1179.

Kuhusu inkwizita sina pongezi za kuwapa waundaji. Katika historia, Papa Gregori wa 9 alianza kuwakabidhi mahakimu maalumu kazi ya kuchunguza uzushi katika miaka ya 1230, na hakimu wa namna hiyo alikuwa mtu wa kuita mashahidi, kuandika kumbukumbu na kutoa hukumu, adhabu ya kifo ikitekelezwa na serikali. Katika mchezo anaweza kutokea mapema kuliko hapo, akazurura peke yake mikoani na kuwachoma majenerali wako bora kwa zamu moja tu, bila rufaa. Wachezaji wamelalamikia jambo hili tangu mchezo ulipotoka mwaka 2006, na ninaungana nao. Hata hivyo ana kanuni zake, na kanuni hizo zinaweza kujulikana.

Inkwizita hutumwa na Papa, na huelekea zaidi kule ambako uzushi umeenea na ambako mtawala hapatani na Roma. Angalia misalaba inayoonyesha msimamo wako kwa Papa. Ulipopuuza amri yake ukaendelea kuipiga Milan, ambayo nayo ni ya Kikatoliki, misalaba hiyo ilishuka, na inkwizita aliyefika Marseille alikuwa sehemu ya bili. Mbele yako kuna bili kubwa zaidi, ambayo ni kutengwa na Kanisa. Na hilo ni la kweli kihistoria kuliko inkwizita, kwani Papa Gregori wa 7 alimtenga mfalme Heinrich wa 4 wa Ujerumani mwaka 1076, akamwona akija kutubu kwenye ngome ya Canossa, Italia, Januari 1077, kisha akamtenga tena mwaka 1080, mwaka uleule ambao kampeni yako inaanza. Aliyetengwa kwenye mchezo anaweza kutangaziwa Vita vya Msalaba na majirani wote wakamgeukia, na mara nyingi hapati nafuu hadi mfalme wake au Papa mwenyewe afe. Kwa hiyo fanya amani na Milan kabla hujafanya jambo jingine lolote. Kisha mpelekee Papa zawadi ya fedha kupitia mwanadiplomasia, timiza kazi ndogondogo anazokupa, kama vile kujenga kanisa alipokutajia, na misalaba itarudi taratibu.

Kinga ya pili imo ndani ya mhusika mwenyewe. Majenerali na wana wa mfalme nao wana uchaji, na inkwizita anapomshitaki mtu, uchaji huo ndio unaopimwa. Mrithi wako alikuwa shujaa wa vita mwenye uchaji mdogo, kwa hiyo shauri lilikuwa jepesi. Uchaji wa jenerali hukua akishiriki Vita vya Msalaba hadi mwisho bila kukimbia njiani, na akiwa gavana wa mji ambamo majengo ya ibada yanakamilika. Hushuka akikaa bure mjini, akizoea vilabu vya pombe na anasa, tabia ambazo huwanasa kwanza wale wasio na kazi. Kwa hiyo usimwache mwana wa mfalme Marseille zamu 15 akilinda bandari ambayo haishambuliwi. Mpe mji wenye kanisa linalojengwa, au mpe jeshi. Kuna pia wasaidizi wanaoambatana na mhusika, ambao baadhi yao humwongezea uchaji. Wengi wao wanaweza kuhamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine wanapokuwa pamoja katika mji au jeshi moja. Kabla jenerali mzee hajafa, kagua wasaidizi wake na umkabidhi kijana walio na faida.

Inkwizita akiwa amekwisha kuingia mkoani na huna muda wa kulea uchaji wa mtu, mpandishe mrithi kwenye merikebu umweke baharini hadi hatari ipite. Hakuna inkwizita anayetembea juu ya maji. Njia nyingine, ambayo wachezaji wengi huipenda, ni kumtuma muuaji wa siri. Inawezekana, lakini inkwizita ni mtu wa Papa, na muuaji wako akikamatwa unapoteza misalaba ileile unayotaka kuirudisha. Kwa hali yako ya sasa nisingeijaribu. Afadhali zaidi ni padre mzoefu mmoja ndani ya Ufaransa yenyewe, anayezunguka mikoa yenye uzushi na kuusafisha, ili Papa asiwe na sababu ya kumtuma mtu wake huko.

Nikijibu kuhusu rafiki yako wa Igoma: Misri haina Papa, haina baraza la makadinali na haisumbuliwi na inkwizita, kwa hiyo nusu ya matatizo yako hayamhusu. Lakini imamu wake anafuata hesabu ileile ya padre wako; naye huanza chini, hukua kwa mahubiri na mashauri, na anaweza kugeuka mzushi akitumwa kabla ya wakati wake. Tena yeye anahitaji imamu aliyekomaa, kwa kuwa Jihadi hutangazwa na imamu mwenye uchaji wa kutosha, ilhali wewe ombi la Vita vya Msalaba unalipeleka kwa Papa. Kama bado hajapata tatizo, huenda ni kwa sababu anahubiri katika maeneo ambayo tayari ni ya Kiislamu, ambako wazushi ni wachache. Mwambie apeleke maimamu wachanga Constantinople, kisha aniandikie. Binafsi naona mchezo umemtendea imamu kwa uvivu, kwa kumnakili padre na kumvika kanzu, wakati katika miji kama Cairo na Baghdad heshima ya mwanachuoni ilitokana na elimu yake, walimu aliosoma kwao na wanafunzi waliomfuata. Hilo halipo kabisa kwenye namba zake.

Mwisho, umeuliza kama unaweza kulibadilisha lile faili la sifa ili mapadre wasiasi. Kwenye kompyuta inawezekana, kwani ni maandishi ya kawaida ambayo hata programu ndogo ya kuandikia huyafungua. Kwenye toleo la simu lililotoka mwaka 2022 usihangaike nalo. Weka nakala ya faili la awali mahali pengine kwanza, badilisha asilimia moja tu kwa wakati, na ujaribu kwa kampeni mpya, kwa sababu jina moja la sifa likikosewa herufi mchezo unaweza kukataa kuwaka. Kwa kampeni hii ya sasa liache faili kama lilivyo, watoe vijana wako wawili mbele ya wazushi leo hii, na mwanadiplomasia wako aelekee Milan.